Siko seli haiulizi kundi lako la damu

Mwezi uliopita mpwa wangu alitangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba anaoa. Zikamiminika pongezi, vigelegele na maua ya kila rangi, mpaka shangazi mmoja akauliza swali ambalo siku hizi halikosi kwenye posa: "Mmepima siko seli lakini?" Kijana akajibu bila kusita: "Tumepima shangazi. Mimi A positivu, mwenzangu O positivu. Tuko salama." Baba mdogo akaja kupiga muhuri: "Halafu kwetu hakuna kitu hicho."

Shangazi aliuliza saa ngapi, akajibiwa bei ya saa.

Wala si wao tu. Kaa nusu saa kwenye benchi la kliniki yoyote ya watoto, utasikia kundi la damu likitajwa kana kwamba ndilo linaloamua nani atazaa mtoto mwenye siko seli. Utasikia mama akibebeshwa lawama peke yake. Utasikia kwamba mtoto wa siko seli haugui malaria, au kwamba akinywa juisi ya rozela asubuhi na jioni atapona. Tanzania inakadiriwa kupata watoto zaidi ya 11,000 wenye ugonjwa huu wa damu wa kurithi kila mwaka, ikiwa katika nchi za mwanzo duniani pamoja na Nigeria, India na Kongo. Kwa idadi hiyo, karibu kila mtaa una nyumba inayokesha na mtoto anayelia miguu. Ni vizuri tukajua analia nini.

Herufi zinazofanana, mambo yasiyofanana

Kiswahili kina neno paa. Kuna paa la nyumba na kuna paa wa porini. Herufi ni zile zile, lakini hakuna mtu anayekwenda kuwinda bati. Herufi A ya kundi la damu na herufi A ya siko seli ziko hivyo hivyo.

Makundi ya damu, yaani A, B, AB na O, yanahusu alama zilizo juu ya ganda la chembe nyekundu ya damu. Ndizo anazozitazama mtu wa maabara kabla hujaongezewa damu ya mwenzako. AA, AS na SS zinahusu kilichomo ndani ya chembe hiyo, yaani aina ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, uliyozaliwa nayo. Unaweza kuwa kundi O ukawa SS, yaani mgonjwa wa siko seli, na unaweza kuwa kundi AB ukawa AA, yaani mzima. Wanandoa wenye kundi moja la damu hawako hatarini zaidi kwa sababu hiyo, na wenye makundi tofauti hawakunusurika kwa sababu hiyo. Karatasi ya mpwa wangu ilikuwa sahihi kabisa, ila ilijibu swali la siku nyingine.

Jina nalo lina maelezo yake. Mtaani tunasema siko seli. Kwenye mabango ya hospitali utakuta selimundu. Mundu ni kile kisu kilichopinda cha kuvunia mpunga na kukatia majani ya ng'ombe. Vijana wengi wa mjini hawajawahi kukishika. Wanachokijua ni fyekeo, na hilo ni jingine. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za mwanafunzi mmoja wa udaktari wa meno kutoka Grenada, Walter Clement Noel, ambaye damu yake chini ya hadubini ilikuwa na chembe nyembamba zilizopinda kama mundu. Jina likatokea hapo. Ugonjwa wenyewe ulikuwa Afrika maelfu ya miaka kabla ya Chicago kuwepo. Ilikosekana hadubini tu.

Mkokoteni wa boriti kwenye kichochoro

Chembe nyekundu ya damu iliyo nzima ni ya mviringo, imebonyea katikati kama chapati nene uliyoikandamiza kwa dole gumba. Kubwa kuliko umbo lake ni ulaini wake. Mishipa midogo kabisa ya mwili ni myembamba kuliko chembe yenyewe, hivyo chembe inajikunja, inapenya, inatokea upande wa pili na kurudi umbo lake. Kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuishusha kila kona ya mwili, na mbebaji hasa ni protini iliyojaa ndani yake, hemoglobini.

Hemoglobini imeundwa kwa minyororo, na mnyororo unaotuhusu una viungo 146 vilivyotungwa kama ushanga. Kwa mwenye hemoglobini S, shanga ya sita ni tofauti. Moja tu. Tofauti hiyo haionekani hemoglobini ikiwa imebeba oksijeni. Ikishaishusha, hemoglobini S huanza kunatana, moja kwa nyingine, mpaka zinakuwa vijiti virefu vigumu. Chukua kiroba laini ukijaze kuni, uone kama kitabaki mviringo. Chembe inatutumuka, inapinda, inakakamaa. Ikirudi mapafuni na kupata oksijeni hunyooka, lakini baada ya kwenda na kurudi mara nyingi inabaki imepinda moja kwa moja.

Sasa fikiria vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja. Mtu anapita, baiskeli inapita. Akija mmoja na mkokoteni wa boriti ndefu, akifika kwenye kona anakwama, na wote walio nyuma yake wanasimama, hata kama wao wenyewe hawana mzigo. Nyumba za mbele zilizokuwa zikisubiri maji zinakaa na kiu. Ndani ya mwili, nyumba hizo ni mifupa, mapafu, bandama, ubongo. Kiungo kikikosa oksijeni kinauma, na kikikosa kwa muda mrefu kinaanza kufa.

Jambo la pili ni uhai wa chembe. Chembe nzima huishi siku 120 hivi. Iliyopinda hufa ndani ya siku 10 hadi 20. Uboho wa mifupa, ambao ndio kiwanda cha damu, unafanya kazi usiku na mchana na bado haufikishi.

Nimekaa hapa kwa muda kwa sababu karibu kila dalili ya siko seli imezaliwa na haya mawili: chembe kukwama na chembe kufa mapema. Ukiyashika, dalili hazitakuwa tena orodha ya kukariri.

Kwa nini mtoto alianza vizuri

Wazazi wengi husimulia hivi: "Alizaliwa mzima, ana kilo zake, ananyonya vizuri. Alipofika miezi sita ndipo mambo yalipobadilika." Hapo ndipo jirani anapotajwa, na aliyemtazama mtoto vibaya siku ya arobaini.

Hakuna aliyemtazama vibaya. Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya namna nyingine, ya kichanga, ambayo haina ile shanga iliyobadilika. Anazaliwa akiwa nayo kwa wingi, nayo inamlinda. Kidogo kidogo mwili unaiacha na kuanza kutengeneza ya kikubwa, na kwa mtoto wa SS ya kikubwa ndiyo S. Kufikia miezi sita ulinzi umepungua. Kumbuka hemoglobini hii ya kichanga. Tutairudia kwenye dawa.

Mara nyingi dalili ya kwanza ni mikono na miguu kuvimba. Vidole vinatutumka kama mandazi, mtoto analia ukimgusa, hataki kusimama. Nyumbani hudhaniwa ameng'atwa na mdudu au dada wa kazi amemwangusha na kuficha. Ni mishipa midogo ya mifupa ya vidole iliyoziba.

Baadaye maumivu huhamia kwenye mifupa mikubwa: mapaja, mikono, mgongo, kifua. Huja ghafla, hukaa saa kadhaa au siku kadhaa, kisha huondoka. Wagonjwa wakubwa huniambia hawana neno la kuyaeleza. Mmoja alisema ni kama mtu anapigilia msumari kwenye mfupa akiwa hana haraka. Tatizo la maumivu haya ni kwamba hayaonekani. Hakuna jeraha, hakuna plasta. Mwalimu anadhani mtoto anakwepa hesabu, na hata hospitali mtu mzima anayeomba dawa kali ya maumivu huangaliwa kwa jicho la pembeni. Haigizi.

Macho ya manjano nayo yana asili yake: chembe zinapovunjika kwa wingi zinatoa rangi ya njano ambayo ini haliwahi kuiondoa yote. Si homa ya manjano, na mara nyingi si ugonjwa wa ini. Mabaki hayo hayo yanaweza kuganda na kuwa vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Uchovu, moyo kwenda mbio na kukua polepole kuliko wenzake hutokana na upungufu wa damu.

Kuna dalili moja ambayo watoto wengi wameichapiwa fimbo: kukojoa kitandani. Figo za mwenye siko seli huharibika mapema sehemu ile inayobana maji, kwa hiyo mkojo ni mwingi na mwepesi, usiku kama mchana. Mtoto wa miaka tisa anayeamka amelowa anaitwa mvivu, anaanikiwa godoro mbele ya wageni. Tena mtoto huyu, kwa kupoteza maji mengi, anahitaji kunywa zaidi ya wenzake, kwa hiyo ushauri wa "asinywe maji jioni" unampeleka moja kwa moja kwenye maumivu. Kama wewe ni mwalimu na una mtoto wa namna hii darasani, mruhusu akae na chupa ya maji na aende chooni bila kuomba mara tatu.

Yapo mambo ambayo hayasubiri asubuhi. Homa ya mtoto mwenye siko seli ni dharura, hata kama anacheza. Bandama yake, kiungo kinachochuja vijidudu kwenye damu, mara nyingi huwa imekwishaharibika akiwa na miaka michache tu, kwa hiyo kijidudu ambacho kwa ndugu yake kingeleta kikohozi, kwake kinaweza kuua ndani ya siku moja. Tumbo la kushoto kuvimba ghafla huku mtoto akipauka midomo na viganja maana yake damu imenaswa kwenye bandama. Hapo haitakiwi chale, inatakiwa damu, na haraka. Mzazi anaweza kufundishwa kliniki namna ya kuipapasa bandama chini ya mbavu za kushoto ili ajue ukubwa wake wa kawaida. Maumivu ya kifua pamoja na kupumua kwa shida ni hospitali. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kukatika ni kiharusi, ndiyo, hata kwa mtoto wa miaka mitano. Kwa wanaume na wavulana, uume kusimama wenyewe bila hamu, kwa maumivu, ni kuziba kwa mishipa kama kwingine. Wengi huona haya kusema, wanangoja mpaka kesho. Ukidumu hivyo kwa zaidi ya muda wa saa nne ni dharura. Kuchelewa kunaweza kuharibu nguvu za kiume kabisa.

Miaka ikisonga huja mengine: nyonga kusagika, vidonda sugu juu ya kifundo cha mguu, macho kupungua nuru. Si kila mgonjwa hupata yote. Wapo wanaolazwa kila mwezi na wapo wanaomaliza mwaka bila kuonana na nesi, na sababu moja ni kiasi cha ile hemoglobini ya kichanga ambacho mwili wa mtu umebaki nacho.

Maumivu huamshwa na nini? Baridi, kwa sababu mishipa hujibana. Kiu na kutapika au kuharisha, kwa sababu damu inakuwa nzito. Homa, uchovu wa kupita kiasi, pombe, mawazo. Anayetoka Tanga kwenda kuishi Njombe mwezi wa saba afungashe sweta kabla ya kitu kingine chochote. Wakati mwingine huja bila sababu yoyote, na mgonjwa asihojiwe kama mtuhumiwa: "Ulikula nini? Ulioga maji ya baridi?"

Doti mbili, sanduku gizani

Turudi kwenye posa. Maelekezo ya kutengeneza hemoglobini, yaani vinasaba, huja mawili mawili kama kanga. Kanga ni doti, vipande viwili. Kipande kimoja cha doti yako ulipewa na mama, kingine na baba. Tofauti na kanga za dukani, hapa vipande viwili vya doti moja vinaweza kuwa na maandishi tofauti. Mwenye A na A ni mzima. Mwenye S na S ana siko seli. Mwenye A na S ni mbebaji: A yake inatosha kumfanya aishi kama mtu mwingine yeyote, acheze mpira, azae, azeeke. Si mgonjwa, wala si "mgonjwa nusu", wala ugonjwa hautamwamkia akifika miaka arobaini.

Ukizaa, unampa mtoto nakala ya kipande kimoja tu, na hukichagui. Unaingiza mkono sandukuni gizani na kutoa kinachokuja. Mwenzako naye hivyo hivyo. Ikiwa nyote wawili ni AS, yanaweza kutokea manne yenye uzito sawa: A yako na A yake, A yako na S yake, S yako na A yake, S yako na S yake. Ndiyo maana inasemwa nafasi ni moja kati ya nne kupata mtoto mgonjwa. Ukiwa AS na mwenzako AA, hamwezi kupata mtoto wa SS hata mkizaa kumi, ingawa baadhi yao watakuwa wabebaji. Ukiwa SS na mwenzako AA, watoto wote ni wabebaji na wote wazima. SS na AS wana mtihani mkubwa, kwani kila mimba ni nusu kwa nusu.

Hiyo "moja kati ya nne" imeponza watu. Nimewasikia wazazi wakisema: "Tumeshampata mmoja, kwa hiyo watatu wanaofuata watakuwa wazima." Sanduku halikumbuki. Kila mimba mkono unaingia upya gizani, na nafasi ni ile ile. Wapo wenye watoto watano wazima wasiojua kwamba wao ni AS, na wapo waliopata watatu mfululizo wa SS. Hawakutenda dhambi kubwa kuliko wengine.

Na angalia jambo jingine: mtoto wa SS ana S mbili. Moja imetoka kwa mama, na ya pili haikutoka hewani. Zipo aina nyingine za ugonjwa huu ambapo kipande kimoja ni S na kingine kina kasoro tofauti, kama thalasemia, lakini hata huko kila mzazi katoa chake. Baba anayehama nyumba akisema mke amemletea ugonjwa anahama na S yake mfukoni. Anakokwenda kuoa, kwa mikoa yetu mingi, uwezekano wa kukutana na S nyingine si mdogo hata kidogo.

"Kwetu hakuna"

Baba mdogo hakuwa akidanganya. Alikuwa akisema anachokikumbuka, na kumbukumbu ya ukoo si maabara. Mbebaji anaweza kuoa AA, mwanawe akaoa AA, mjukuu akaoa AA, S ikasafiri vizazi vitatu bila kuonekana kama abiria aliyelala kiti cha nyuma. Halafu kuna wale watoto waliokufa zamani kabla ya miaka mitano. Waliitwa watoto wa bandama, watoto wa degedege, watoto waliorogwa. Hakuna aliyewaita wa siko seli kwa sababu hakuna aliyepima.

Tena S imeenea kwetu kwa sababu maalumu. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea udaktari Oxford, alizunguka Kenya akikusanya damu. Akaona kitu cha ajabu: wabebaji ni wengi Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache kwenye nyanda za juu za baridi. Mwaka huo huo watafiti Lehmann na Raper walikuta Uganda, kwa Wabaamba wa Bundibugyo, wabebaji hadi 45 kati ya kila watu 100. Kama S inaua watoto, imebakije kwa wingi namna hiyo? Allison alitazama ramani ya mbu, na mwaka 1954 akachapisha jibu: mbebaji wa AS hulindwa dhidi ya malaria kali. Kijidudu cha malaria hakistawi vizuri ndani ya chembe yake. Palipokuwa na mbu wengi, watoto wa AS walivuka wakati wenzao wa AA walikufa, wakakua, wakazaa, wakarithisha. S ilikuwa chandarua kabla ya chandarua.

Hapa ndipo ulipozaliwa uvumi kwamba mtoto wa siko seli haugui malaria. Ulinzi ni wa mbebaji. Mgonjwa wa SS anaugua, na anaugua vibaya, kwa sababu damu aliyonayo ni kidogo tangu mwanzo na malaria inakuja kuivunja zaidi. Yeye ndiye wa kwanza nyumbani kulala ndani ya chandarua, na ndiye anayestahili dawa za kuzuia malaria kama kliniki itakavyomwelekeza.

Ramani hiyo ya mbu ndiyo inayoeleza pia kwa nini siko seli ipo Oman, Saudia, India, Ugiriki na Sicily. Si ugonjwa wa kabila, wala wa rangi. Saudia tangu 2004 imewataka wachumba wote wapime kabla ya kufunga ndoa. Na aliyezaliwa nyanda za juu asijivune sana. Watu wameoana kutoka kila upande, mabasi yapo.

Rozela, madini ya chuma na dawa yenye jina baya

Sina ugomvi na rozela. Ni kinywaji kizuri, na maji yake yana faida. Lakini damu ya mwenye siko seli haipungui kwa kukosa malighafi. Inapungua kwa sababu chembe zinakufa mapema. Kuongeza madini ya chuma bila kupimwa ni kujaza ndoo iliyotoboka, tena hapa kinachovuja kinabaki sakafuni: chuma cha chembe zilizovunjika, pamoja na cha damu alizoongezewa, hujilimbikiza na kinaweza kudhuru ini na moyo. Anachopewa kliniki ni vidonge vya foliki, ambavyo ni kitu kingine.

Wingi wa damu nao usiwatie kiwewe. Wagonjwa wengi huishi na hemoglobini ya 6 hadi 9, wakati mtu mwingine ana 12 au zaidi. Akikutwa na 7 wakati kawaida yake ni 7 na hana shida nyingine, si lazima aongezewe. Kwa hiyo ijue namba ya mtoto wako ya siku za uzima, iandike nyuma ya daftari lake la kliniki. Daktari mgeni wa zamu ya usiku ataihitaji kuliko maelezo ya nusu saa.

Watoto chini ya miaka mitano hupewa penisilini kila siku kuzuia vijidudu, pamoja na chanjo zao zote. Halafu ipo haidroksiurea. Watu wakisoma karatasi iliyo ndani ya boksi hukuta ni dawa ya saratani, wanairudisha kabatini kwa hofu. Ni kweli ilianzia huko. Kwa siko seli hutolewa kwa kiwango kidogo zaidi na kwa kazi nyingine: inaushawishi mwili uanze tena kutengeneza ile hemoglobini ya kichanga. Utafiti uliofanyika Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha watoto waliotumia dawa hiyo walipungukiwa maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Si dawa ya kumeza siku unapoumwa. Ni ya kila siku, ikiambatana na vipimo vya damu, na mwenye mpango wa kuzaa aongee na daktari kwanza.

Kuponya kabisa kupo. Upandikizaji wa uboho hubadilisha kiwanda chenyewe cha damu, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekwisha kuufanya kwa watoto. Kikwazo ni gharama na kupata ndugu wa kuchangia anayelingana. Kwa kila ndugu wa baba mmoja mama mmoja, nafasi ya kulingana kikamilifu ni moja kati ya nne. Matibabu ya kurekebisha vinasaba yaliidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja huko Marekani. Anayekuuzia "tiba ya siko seli" kwenye chupa ya lita tano, kwa maombi au kwa mizizi, mwulize swali moja: je, baada ya dozi yako tutapima tena na kukuta AA?

Kipimo chenyewe

Nilimwandikia mpwa wangu pembeni, si mbele ya watu. Nikamwambia ukifika maabara usiseme "nataka kujua damu yangu", maana watakupa kundi. Sema unataka kujua aina ya hemoglobini. Kipimo chenyewe huitwa elektroforesisi ya hemoglobini, na vipo pia vipimo vya haraka vya tone moja la damu vinavyotoa jibu kwa dakika chache. Kuna kimoja cha zamani, cha kuzinyima chembe oksijeni na kuzitazama zikipinda. Hicho kinakwambia S ipo, hakikwambii kama ni moja au mbili. Kikionyesha ipo, usitoke hapo ukiwa umeridhika wala umekata tamaa. Omba kinachofuata. Na kama umeongezewa damu miezi michache iliyopita, waambie, kwa sababu watapima na ya aliyekuchangia.

Walikwenda Jumamosi. Majibu yaliporudi, binti alikuwa AA. Mpwa wangu alikuwa AS. Akanipigia, sauti imeshuka: "Mjomba, kwa hiyo mimi ni mgonjwa?" Tukarudia habari ya doti, tangu mwanzo. Jioni akaiweka karatasi kwenye kundi la ukoo, yeye mwenyewe, bila maelezo.

Mpwa wangu akaona kwenye simu yake kwamba baba mdogo ameisoma. Mzee hakuandika kitu. Kesho yake saa moja asubuhi nikapata ujumbe wake, wa kwangu peke yangu: kipimo hicho ni shilingi ngapi, na je, mtu wa miaka sitini na mbili wanampima?